Hasira ya Haki na Upanga: Martin Luther na Vita vya Wakulima vya Mwaka 1525

Utangulizi

Katika magazeti yetu ya Kiswahili kuna maneno ambayo msomaji hukutana nayo mara kwa mara, nayo ni "wananchi wenye hasira kali". Mtu ametuhumiwa wizi wa kuku au wa baiskeli, akakimbizwa, akakamatwa, akauawa kwa mawe au kwa moto kabla polisi hawajafika. Na mwandishi wa habari huandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Tukiyapima maneno hayo, tutaona kwamba yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Yanaeleza sababu ya kifo, na papo hapo yanaficha majina ya wauaji. Hasira ndiyo imekuwa muuaji, na watu wamebaki kuwa vyombo vyake tu. Tena aghalabu ni hasira inayojiona kuwa ya haki, maana wizi ni uovu kweli, nao waliochoka kuibiwa wanayo sababu ya kukasirika.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza hasira ya namna hiyo kwa njia ya historia. Mfano wetu hatutautoa kwa watesaji wa Kanisa wala kwa watu wasiolijua Neno la Mungu. Tutautoa nyumbani mwetu, kwa mwalimu ambaye Kanisa letu linaitwa kwa jina lake. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 500 tangu Vita vya Wakulima nchini Ujerumani, vita ambavyo Martin Luther alivihusu kwa kalamu yake. Wanafunzi wengi wa teolojia hujifunza kwa bidii habari za mwaka 1517 na za mwaka 1521, kisha huuruka mwaka 1525 kama mtu arukaye dimbwi njiani. Tunaona si vema kuuruka. Hoja yetu ni hii: hasira iliyo ya hatari kuliko zote si ile inayojijua kuwa ni dhambi, bali ni ile iliyoanza katika haki, kisha ikajitwalia ruhusa ya Mungu.

Malalamiko ya wakulima

Maasi yalianza mwaka 1524 katika eneo la Stühlingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani, yakaenea katika nchi ya Swabia na kwingineko. Wakulima wa siku hizo waliishi chini ya makabaila, na wengi wao walikuwa watwana: hawakuweza kuhama wala kuoa nje ya milki ya bwana wao bila ruhusa yake. Walidaiwa kazi za shokoa katika mashamba ya mabwana. Walikatazwa kuvua samaki mitoni, kuwinda, na kukata kuni katika misitu ambayo zamani ilikuwa mali ya kijiji kizima. Mtu alipofariki, bwana alidai sehemu ya urithi, na mara nyingi mjane na yatima walinyang'anywa mnyama wao aliye bora.

Mwanzoni mwa mwaka 1525, katika mji wa Memmingen, malalamiko hayo yalikusanywa katika hati iitwayo Ibara Kumi na Mbili. Walioiandaa walikuwa Sebastian Lotzer, fundi wa nguo za manyoya, na mhubiri Christoph Schappeler. Katika muda wa miezi michache zilichapishwa nakala zinazokadiriwa kufikia 25,000. Ibara ya kwanza haikudai ardhi wala fedha. Ilidai kwamba kila usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, naye aihubiri Injili safi. Ibara ya tatu ilikataa utwana kwa sababu Kristo amewakomboa watu wote kwa damu yake, mchungaji wa mifugo sawasawa na mtu mkuu. Na ibara ya mwisho ilitoa ahadi kwamba dai lolote litakaloonekana kupingana na Neno la Mungu litaondolewa.

Msomaji asisahau jambo hili. Watu hawa hawakuwa genge la wahuni. Walikuwa wakulima waliosikia mahubiri ya Matengenezo, wakayaamini, wakauliza yana maana gani kwa mtu anayelala njaa. Hasira yao ilikuwa na haki ndani yake.

Luther mpatanishi

Luther mwenyewe alilikubali jambo hilo. Katika mwezi wa Aprili 1525 aliandika kitabu cha kuwaonya watu wote wakae kwa amani. Alianza na wakuu, akawaambia wazi kwamba wao ndio chanzo cha maasi hayo, kwa kuwa wamewanyonya watu ili kuendesha anasa zao, na kwamba baadhi ya ibara za wakulima ni za haki. Kisha akawageukia wakulima. Aliwaambia kwamba mtu hawezi kuwa mwamuzi katika shauri lake mwenyewe, kwamba atwaaye upanga ataangamia kwa upanga (Mt. 26:52), na kwamba jina la Kristo lisiwekwe juu ya bendera ya vita. Wakitaka kupigana, basi wasijiite jeshi la Kikristo. Mwishoni alishauri pande zote mbili ziteue watu wa kupatanisha.

Huyu ndiye Luther tunayemfahamu kutokana na mwaka 1522. Katika mwezi wa Machi wa mwaka ule, ghasia zilipotokea Wittenberg, alirudi kutoka mafichoni Wartburg, akahubiri siku nane mfululizo, nao mji ukatulia. Alifundisha ya kwamba Neno ndilo linalofanya kazi, na kwamba hakuna mtu wa kuburutwa kwa nguvu kwenye imani. Hakuna upanga uliotolewa. Alijua basi, tena kwa kuona kwa macho yake, kwamba neno la upole laweza kuzima moto wa mji mzima.

Kitabu kikali

Lakini mambo yalikwenda mbio kuliko mashine za kuchapia. Siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1525, kundi la wakulima liliuteka mji wa Weinsberg, likamwua kabaila Ludwig von Helfenstein pamoja na watu wake kwa kuwapitisha katikati ya safu za mikuki. Mke wake aliwasihi wamhurumie, wasimsikie. Habari hizo zilitisha nchi nzima. Wakati huo huo Luther alikuwa safarini katika sehemu za Thuringia akijaribu kuwatuliza watu kwa mahubiri, akapokelewa kwa dharau na vitisho. Aliona nyumba za watawa zimeporwa. Alisikia jinsi Thomas Müntzer, mhubiri ambaye hapo awali alimhesabu kuwa mwenzake, alivyokuwa akiwahimiza watu wa Allstedt wasiuache upanga upoe. Tena tarehe 5 Mei alifariki Frederick wa Saxony, yule mkuu aliyemlinda Luther miaka yote.

Katika hali hiyo ya uchovu, hofu na ghadhabu, Luther aliandika kijitabu kingine, kikali, dhidi ya wakulima aliowaita wanyang'anyi na wauaji. Ndani yake aliwalinganisha na mbwa mwenye kichaa, ambaye usipomwua wewe atakuua yeye. Aliwataka watawala wawapige, wawachome na kuwaua. Alithubutu kuandika kwamba siku hizo zilikuwa za ajabu, hata mkuu aliweza kujipatia mbingu kwa kumwaga damu kuliko wengine kwa kusali. Ni kweli kwamba humo humo aliwashauri watawala Wakristo kwanza watoe nafasi ya mapatano, na wawahurumie waliolazimishwa kujiunga na maasi. Lakini nani alizikumbuka sentensi hizo, hali zile nyingine zilikuwa zikiwaka moto?

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Katika kijitabu hicho kuna hoja moja ambayo tunaiona kuwa ndiyo kiini cha msiba wote. Luther alisema kwamba mwasi aliyethibitika amekwisha kuwekwa nje ya sheria, na yeyote wa kwanza awezaye kumwua afanya vema. Maana maasi ni kama moto mkubwa, naye awahiye kuuzima hafanyi kosa. Majuma machache kabla alikuwa amewafundisha wakulima kwamba mtu wa kawaida hana ruhusa ya kutwaa upanga, na kwamba hakuna awezaye kuwa mshtaki na hakimu kwa wakati mmoja. Sasa, kwa aya moja ya hasira, aliutoa ule upanga mikononi mwa hakimu akamkabidhi kila mpita njia. Fundisho lake kuhusu mamlaka lilibaki vile vile katika vitabu vyake vingine. Lakini siku lilipohitajiwa sana, hasira ililipindua. Hao si wengine ila ni wale wale tuliowataja mwanzoni: wananchi wenye hasira kali, safari hii wakiwa na hati ya daktari wa teolojia.

Frankenhausen na baada yake

Tarehe 15 Mei 1525 majeshi ya wakuu yalikutana na wakulima karibu na Frankenhausen. Ni jambo la kuzingatia kwamba Philip wa Hesse, aliyeyapokea Matengenezo, na George wa Saxony, aliyeyapinga kwa nguvu zote, walipigana bega kwa bega siku hiyo. Walichotofautiana juu ya Injili hakikuwazuia kupatana juu ya upanga. Müntzer aliwaahidi watu wake kwamba Mungu atawapigania, na upinde uliotokea angani ukachukuliwa kuwa ishara ya ushindi. Mizinga ikaanza kupigwa. Wakulima waliouawa siku hiyo walikuwa maelfu, nao askari wa wakuu waliokufa walikuwa wachache sana. Müntzer alikamatwa, akateswa, akakatwa kichwa tarehe 27 Mei. Kwingineko, huko Böblingen na Zabern, wakulima walichinjwa vivyo hivyo katika mwezi huo huo. Katika Kitzingen, mtawala Casimir aliwang'oa macho watu zaidi ya 50. Jumla ya waliokufa katika vita vile hukadiriwa kuwa kati ya 70,000 na 100,000.

Wahenga wetu walisema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Wakulima walikuwa na madai ya haki mikononi. Walipoyabadilisha kwa mikuki ya Weinsberg, waliwapa mabwana zao sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Kijitabu kikali kilienea sana wakati maangamizi yalipokuwa yamekwisha kuanza, na pengine hakuna hata mkuu mmoja aliyehitaji kukisoma ili ajue namna ya kuua. Jambo hili limetumiwa na baadhi ya watetezi wa Luther kumwondolea lawama. Sisi hatuoni kwamba linatosha. Neno la mhubiri halipimwi kwa hesabu ya maiti peke yake. Hupimwa pia kwa kile linachokitakasa. Rafiki zake wenyewe walifadhaika. Katika mwezi wa Julai Luther aliandika barua ya wazi kujieleza. Hakuyafuta maneno yake. Hata hivyo aliwakemea vikali wale mabwana walioendelea kuua baada ya ushindi, na aliona uchungu juu ya mmoja aliyejaribu kumdhalilisha mjane wa Müntzer, aliyekuwa mjamzito. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka kadhaa baadaye, akiwa mezani na wanafunzi wake, Luther alisema kwamba yeye ndiye aliyewaua wakulima wote, na kwamba damu yao yote i shingoni mwake. Kisha akaongeza kwamba anaikabidhi kwa Bwana Mungu, aliyemwagiza kusema vile. Tunayasoma maneno hayo kwa hofu. Nusu yake ya kwanza ni ungamo. Nusu ya pili inaliondoa ungamo lile kabla halijafika madhabahuni.

Sauti nyingine: Johannes Brenz

Huenda mtu akasema kwamba tusimhukumu mtu wa karne ya 16 kwa vipimo vya leo, kwa sababu siku zile kila mtu aliwaza hivyo. Historia hairuhusu jibu hilo. Johannes Brenz alikuwa mhubiri katika mji wa Schwäbisch Hall, si mbali sana na Weinsberg penyewe. Alimsikia Luther huko Heidelberg mwaka 1518, na tangu hapo akawa mfuasi wake wa kweli. Yeye pia aliyakataa maasi. Yeye pia alifundisha Warumi 13, kwamba mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu. Lakini baada ya vita, mwaka huo huo wa 1525, alichukua kalamu yake kuwasihi watawala wapunguze ukali wao na kuwahurumia wakulima walioshindwa. Na miaka mitatu baadaye, ulipoanza mtindo wa kuwaua Waanabaptisti, aliandika tena kupinga kwamba wauawe kwa ajili ya imani yao.

Kwa hiyo tofauti ya Luther na Brenz haikuwa katika fundisho. Wote wawili walikuwa na Biblia moja, imani moja, na fundisho moja juu ya falme mbili. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja aliandika akimtazama mtu aliyemkasirisha, na mwingine aliandika akimtazama mtu aliyelala chini. Brenz alijiuliza swali ambalo hasira haliulizi kamwe: sasa ni nani asiyeweza kujitetea?

Maandiko na hasira

Maandiko Matakatifu hayasemi kwamba kila hasira ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwatazama kwa hasira wale waliotaka kumzuia asimponye mtu siku ya Sabato (Mk. 3:5). Lakini katika aya hiyo hiyo Marko anasema kwamba alihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, na tendo lililofuata hasira ile lilikuwa ni mkono kuponywa, wala si mkono kukatwa. Paulo naye huwaruhusu Waefeso kukasirika, ila anaiwekea hasira mpaka wa saa: jua lisichwe nayo ingali hai, kusudi Ibilisi asipate nafasi (Efe. 4:26-27). Yakobo anakata shauri kwa uwazi zaidi, kwamba hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu (Yak. 1:20). Na Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize Wasamaria, Bwana aliwakemea wanafunzi wake, si Wasamaria (Lk. 9:54-55).

Habari ya Kaini inatufundisha zaidi (Mwa. 4). Kaini alikasirika akiwa mtu wa ibada, aliyetoka madhabahuni. Mungu alimwonya kabla hajaua, akamwambia dhambi inamwotea mlangoni, naye yampasa kuishinda. Maana yake ni kwamba kati ya hasira na mauaji kuna mlango, na kuna saa ambayo mtu bado anasimama mlangoni. Huduma ya mchungaji iko papo hapo. Anayehubiri kwa watu wenye hasira amesimama kwenye mlango ule, na neno lake laweza kuufunga au kuufungua.

Luther alilijua hilo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aliieleza amri ya tano kwa kina: tunaua si kwa mkono tu, bali kwa moyo, kwa ulimi na kwa ishara, tena tunaua tunapomwacha jirani aangamie hali tulikuwa na uwezo wa kumsaidia. Na vijana wetu wa Kipaimara, katika kila usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hujifunza katika Katekisimo Ndogo kwamba amri hiyo inatutaka tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie. Mwandishi wa mafundisho hayo ni yule yule aliyeandika kijitabu kikali miaka 4 kabla. Hatuwezi kumpokea mmoja na kumficha mwingine. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Fundisho hilo lazima limhusu mwalimu pia.

Toba ya Kanisa

Baadhi ya walionusurika Frankenhausen, kama Hans Hut, walijiunga baadaye na Waanabaptisti, nao watu hao waliteswa kwa muda mrefu, pia katika nchi za Kilutheri na kwa idhini ya wanateolojia wa Kilutheri. Katika mwezi wa Julai 2010, huko Stuttgart, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu Wamennonite, ambao ni wazao wa imani ile. Aliyepokea ombi hilo kwa niaba ya Wamennonite alikuwa Mwafrika, Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, naye alitoa zawadi ya chombo cha mbao cha kuoshea miguu. Kwetu Tanzania jambo hili si la mbali, kwa sababu Wamennonite wamekuwa wakiishi na kuhubiri katika Mara tangu mwaka 1934, na wengi wetu ni majirani zao. Toba ile ilichelewa karibu miaka 500; lakini inaonyesha kwamba Kanisa laweza kulimaliza ungamo ambalo mwalimu wake aliliacha nusu.

Hitimisho

Tumeona wakulima wenye madai ya haki waliofika Weinsberg. Mhubiri wa maskini aliyewaongoza watu wake mbele ya mizinga. Wakuu waliolinda amani kwa kuwapofusha watu. Na mwalimu wa neema aliyeiandikia hasira yake cheti cha mbinguni. Wote walikuwa na sehemu ya haki, na wote walilitaja jina la Mungu.

Sisi tulio wachungaji, na ninyi mnaojiandaa kwa kazi hii, hatushiki upanga. Tunashika maneno, na kila Jumapili watu waliokasirika huketi mbele yetu: walioibiwa, waliodhulumiwa mashamba, waliogawanyika katika uchaguzi au katika mambo ya usharika. Tusiwaambie kwamba hawana sababu ya kukasirika, maana mara nyingi wanayo. Tuidai haki yao kwa sauti, kama Luther alivyoidai mbele ya wakuu katika Aprili ile. Lakini tusimpe mtu yeyote ruhusa ya kuwa mshtaki, hakimu na mwuaji, wala tusimvike mwanadamu jina la mbwa, kwa maana akishavikwa jina hilo hakuna atakayeona aibu kumpiga. Na asubuhi moja tukisikia kwamba kijana ameuawa barabarani na wananchi wenye hasira kali, mhubiri asipite kimya katika ibada ya Jumapili. Huenda waliorusha mawe wamo ndani ya kanisa, nao wanahitaji kuambiwa kwamba Bwana angali anauliza, yuko wapi ndugu yako, na kwamba meza ya Bwana iko wazi kwa muuaji anayetubu, si kwa muuaji aliyejificha nyuma ya hasira yake.